Jioni ya Mizani: Pamba, Watumwa na Merikani Yetu

Mchumaji wa pamba utamjua kwa vidole. Tumba likishakomaa na kupasuka, maganda yake hukauka yakatoa ncha kali, na anayechuma kwa haraka hurudi nyumbani na vijeraha pembeni mwa kila ukucha, ambavyo usiku huwaka kama vimepakwa pilipili. Nimekulia Usukuma, upande wa Maswa, na maumivu hayo nayajua. Nakumbuka pia mama alivyokuwa akitukalisha uani jioni tuchambue, pamba safi huku, pamba fifi kule, tutoe majani na vipande vya maganda, kwa sababu siku ya kuuza jasho la msimu mzima lingeamuliwa na mtu mmoja aliyesimama kando ya mizani. Baba yangu hakuwa mwepesi wa kumnyamazia mtu. Mbele ya mizani ile alinyamaza, macho yote kwenye mshale.

Mshale ule ulinirudia juzi nilipokuwa nasoma tena ushuhuda wa Solomon Northup. Huyu alikuwa mtu mweusi, mtu huru wa jimbo la New York, mpiga fidla, mwenye mke na watoto. Mwaka 1841 walaghai walimrubuni kwa ahadi ya kazi hadi Washington. Alipozinduka alijikuta amefungwa minyororo, na hatimaye akauzwa kusini, Louisiana. Alikaa utumwani miaka 12, sehemu kubwa yake katika mashamba ya pamba kando ya Bayou Boeuf, mpaka alipokombolewa Januari 1853. Alisimulia mengi, lakini mimi kinachonikaa ni maelezo yake ya jioni.

Mchana kutwa, anasema, kila mtu anachuma na mfuko shingoni, mdomo wa mfuko usawa wa kifua, kitako chake kinakaribia kugusa chini. Ukijaa, unamwagwa kwenye kapu kubwa na pamba inakanyagwa ishikamane. Giza likiingia makapu yanabebwa hadi kwenye banda la kuchambulia pamba na kupimwa moja moja. Hata awe amechoka namna gani, na anatamani usingizi kiasi gani, hakuna aliyelisogelea banda lile bila hofu. Uzito ukipungua, anachapwa. Uzito ukizidi, bwana anauandika, na kuanzia kesho hicho ndicho kiwango chake.

Itazame hesabu hiyo vizuri. Kuchuma kidogo ni kosa la leo, na kuchuma kingi ni kosa la kesho, maana umejifunga mwenyewe kwa vidole vyako. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima kilikuwa ratili 200 kwa siku, yaani kama kilo 90. Mwanamke mmoja aliyeitwa Patsey, ambaye vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, alitarajiwa kuleta ratili 500. Northup mwenyewe, alipopimwa mara ya kwanza, alikuwa na ratili 95. Mimi, mtoto wa miaka 12 niliyedhani najua kuchuma, sikumbuki siku niliyofikisha kilo 30, na mgongo wangu ulikuwa hausemeki.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Utumwa tumezoea kuufikiria kwa minyororo na kiboko, kama ukatili wa watu wakatili wa zamani zile ambazo dunia ilikuwa bado haijastaarabika. Minyororo ilikuwapo na kiboko kilikuwapo. Ila utumwa wa pamba wa Marekani ulikuwa na mizani, ulikuwa na daftari, ulikuwa na benki na bima na bei ya siku kutoka Liverpool, soko la pamba la Uingereza. Ulikuwa biashara ya kisasa kuliko nyingi za wakati wake, na ukatili wake ulipangwa na kuandikwa. Ndiyo maana ulidumu, na ndiyo maana watu wengi mno, waliokuwa mbali na shamba, waliula mkate wake bila kuona tone la damu.

Ulikuwa nusura ufe, au angalau wengi waliamini hivyo. Katika miaka ya 1780 hata baadhi ya mabwana wa Virginia walikuwa wakisema utumwa utakwisha wenyewe polepole. Tumbaku ilikuwa imeichosha ardhi na faida imeshuka. Pamba inayostawi bara, ile ya nyuzi fupi, ilikuwa na mbegu za kijani zilizong'ang'ania nyuzi kiasi kwamba mtu aliweza kushinda kutwa akachambua ratili moja tu. Kisha mwaka 1793 Eli Whitney, kijana wa Massachusetts aliyekuwa Georgia, akabuni mashine ndogo ya meno na brashi iliyochambua ratili 50 kwa siku. Mashine inayopunguza kazi, mtu angedhani, ingepunguza haja ya watumwa. Ikawa kinyume. Kuchambua kulipokuwa rahisi, kila aliyekuwa na ekari alitaka kupanda pamba, na kazi yote ikahamia kule ambako mashine haikufika: kulima, kupunguza miche, kupalilia na, zaidi ya yote, kuchuma. Mashine ya kuchuma haikuenea mpaka katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo Whitney aliondoa kizuizi kimoja, na watu wakaburutwa kwa maelfu kujaza pengo alilolifungua.

Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa kama 700,000. Mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Pamba, iliyokuwa marobota elfu chache tu kwa mwaka, ilipita marobota milioni 4, na ikawa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo nchi ile iliuza nje. Na ardhi iliyopandwa haikuwa pori tupu. Ilikuwa ya Wachoctaw, Wachickasaw, Wacreek na Wacherokee. Sheria ya mwaka 1830 iliwafungulia mlango wa kutoka, Wachoctaw wakatangulia, na mwaka 1838 Wacherokee wakaswagwa magharibi kwa mtutu wa bunduki huku maelfu wakifia njiani. Nyuma yao wapima ardhi walifika, kisha madalali, kisha wenye pamba.

Watumwa wale walitoka wapi? Kuingiza watumwa kutoka Afrika kulipigwa marufuku tangu Januari 1, 1808. Jibu linaniumiza kila ninapolifikia, na lugha yetu ina neno lake: walikuwa wazalia. Pwani yetu mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa hapa hapa, akatofautishwa na yule aliyeletwa juzi kutoka bara. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji kuletewa watu wapya kila mwaka kwa sababu waliokuwapo walikufa au walitoroka haraka kuliko walivyozaa. Marekani ilikwenda njia nyingine. Virginia na Maryland, ambako tumbaku ilikuwa imechoka, zilianza kuvuna watoto. Sijapata neno jingine. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 ilikuwa imeshasema mtoto hufuata hali ya mama yake, basi bwana aliyemwingilia mjakazi wake kwa nguvu alizaa mtumwa mwingine, mali yake mwenyewe, anayeweza kumuuza.

Nalinganisha na kwetu, na sisemi hili kuisafisha pwani, maana haisafishiki. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake alizaliwa huru, na ndivyo Sayyid Majid na Sayyid Barghash, wote watoto wa masuria, walivyokalia kiti cha Unguja. Mama zao waliletwa kwa nguvu kama wengine. Lakini kule Mississippi damu ya bwana haikumfungulia mtoto mlango hata mmoja. Rangi ilifanywa ukuta wa kudumu, na ukuta ule ulibaki umesimama hata siku utumwa ulipokwisha. Nadhani hapo ndipo tofauti kubwa ilipo.

Kati ya mwaka 1790 na 1860 watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya juu kwenda nchi ya pamba. Wengine walisafirishwa kwa meli kuzunguka hadi New Orleans. Wengi walikwenda kwa miguu, wanaume wamefungwa wawili wawili kwenye mnyororo mmoja mrefu, wanawake na watoto wakifuata, wiki baada ya wiki, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Msomaji wa Bagamoyo au Kilwa hahitaji kuelezwa zaidi. Misafara ya namna hiyo ilipita kwetu pia. Kampuni ya Franklin na Armfield ilikuwa na nyumba yake Alexandria, ng'ambo tu ya mto kutoka mji mkuu wa Marekani, na soko lake kubwa Natchez, Mississippi, mahali palipoitwa Forks of the Road. Kabla ya kuuzwa watu walilishwa vizuri siku chache, wakapakwa mafuta wang'ae, wenye mvi wakapakwa rangi nyeusi nyweleni, na aliyekuwa na makovu ya kiboko mgongoni akashushwa bei kwa sababu makovu yalimwambia mnunuzi kwamba mtu huyu ni mkaidi.

Bei yao ilipanda na kushuka na bei ya pamba. Kufikia mwaka 1860 kijana mwenye nguvu aliuzwa New Orleans kwa dola 1,500 na zaidi. Aliyekuwa Virginia, mwenye shamba lililochoka na madeni dukani, alimtazama mtoto wa mpishi wake akiona mtoto, na akiona pia hati ya benki inayotembea. Nasema benki kwa maana halisi. Watumwa waliwekwa rehani. Louisiana ilianzisha benki za wenye mashamba ambazo mtaji wake ulitokana na hati za mkopo zilizouzwa Ulaya, na dhamana ya mikopo ile ilikuwa mashamba na watu waliomo. Mwaka 2005 JPMorgan Chase ilikiri hadharani na kuomba radhi kwamba benki mbili za Louisiana zilizokuja kumezwa na ukoo wake zilikuwa zimepokea watumwa wapatao 13,000 kama dhamana, na wenye madeni waliposhindwa kulipa zikajikuta zinamiliki watu wapatao 1,250. Mtu wa London aliyenunua hati zile hakuwahi kushika kiboko, wala hakumiliki mtu kwa jina. Alipokea riba yake nusu mwaka hadi nusu mwaka.

Nirudi shambani, kwa sababu huko ndiko riba ilikotoka. Mfumo wa kazi ulikuwa na ngazi ambazo mtu wa pwani angezitambua: bwana juu, msimamizi Mzungu wa kuajiriwa chini yake, na nokoa, mtumwa aliyepewa kiboko awaendeshe wenzake. Pembe ilipigwa kabla ya alfajiri. Posho ya wiki ilikuwa mahindi na ratili tatu na ushei za nyama ya nguruwe ya chumvi, kusaga ni juu yako usiku. Waliokuwa shambani hawakuitwa watu kwenye vitabu, waliitwa mikono. Mwenye nguvu zake alikuwa mkono mzima, mama anayenyonyesha nusu mkono, mtoto robo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1840 mwenye shamba aliweza kununua daftari lililochapishwa tayari kwa mashamba ya pamba, kazi ya Thomas Affleck wa Mississippi. Ndani yake kulikuwa na kurasa za wiki, majina ya wachumaji upande mmoja na siku zimepangwa mbele yake, kila siku na nafasi ya kujaza ratili. Kurasa nyingine zilikuwa za kuorodhesha watumwa na thamani ya kila mmoja mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, kama mhasibu wa leo anavyoandika uchakavu wa trekta.

Kati ya mwaka 1800 na 1860 wastani wa pamba aliyochuma mtu kwa siku uliongezeka kama mara nne. Wanahistoria wanabishana kwa ukali juu ya sababu. Wengine wanasema ni kiboko na kiwango kinachopanda kila jioni. Wengine wanasema ni mbegu mpya, hasa zilizotokana na pamba ya Mexico na kuboreshwa maeneo ya Natchez, ambazo matumba yake yalikuwa makubwa na yalifunguka vizuri. Mimi niliyechuma naamini mbegu ina nafasi kubwa. Tumba linalofunguka vizuri huachia pamba kwa mguso mmoja. Lakini mbegu nzuri haimwambii mtu achume tangu kupambazuke mpaka asione mkono wake. Mkulima huru aliyepata mbegu hiyo angemaliza mapema akaenda kupumzika, au angelima pia mahindi yake. Faida yote ya mbegu kwenda kwa bwana, na isiende hata chembe kwa mgongo wa mchumaji, hiyo ilikuwa kazi ya mizani na kiboko. Sioni kwa nini vitenganishwe.

Na watu wale hawakulala tu wakisubiri. Waliweka mawe na udongo kapuni kuongeza uzito. Walimjazia mwenzao aliyepungukiwa pale safu zilipokutana. Walijificha mitoni na kwenye vinamasi siku kadhaa kisha wakarudi, wakijua malipo yake. Walisali vichakani usiku, wakajifunza herufi kwa siri. Mwezi Agosti 1831 Nat Turner, mhubiri na mtumwa, aliongoza uasi katika kaunti ya Southampton, Virginia. Majibu ya wenye nchi yalikuwa mauaji ya kulipiza kisasi, kisha sheria kali za kuzuia watumwa kufundishwa kusoma. Anayeogopa mtu asome anajua vizuri anachokificha.

Sasa swali ambalo wasomaji huniuliza kila ninapoandika juu ya mambo haya: na Wazungu maskini je? Maana wengi wa Wazungu wa kusini hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Katika majimbo ya kusini yaliyokuja kujitenga na Marekani na kupigana vita na kaskazini, kama familia moja katika kila tatu ndiyo iliyomiliki watumwa. Mississippi ilikuwa karibu nusu. Waliobaki walilima mahindi na nguruwe kwenye ardhi ya miteremko, kwa sababu ardhi ya bonde ilikuwa ya wakubwa. Utajiri wa pamba haukuwajengea shule wala barabara. Kwa nini basi walikwenda kufa kwa ajili yake?

Jibu la kwanza ni kwamba walihusishwa. Mkulima mdogo alipeleka marobota yake mawili kwa tajiri akachambuliwe. Alikodi mtumwa wa jirani wiki ya mavuno. Sheria ilimtaka ashike zamu ya doria usiku, akague vyeti vya watumwa waliokutwa njiani na kuwachapa wasio na cheti, hivyo hata asiye na mtumwa alikuwa na mamlaka juu ya kila mtu mweusi aliyekutana naye. Jibu la pili ni ndoto: akipata misimu mitatu mizuri angeweza kununua mtu mmoja, kisha wawili. La tatu James Henry Hammond wa South Carolina alilisema wazi katika Seneti tarehe 4 Machi 1858, katika hotuba ile ile aliyotangaza kwamba pamba ni mfalme na hakuna mwenye uwezo wa kupigana nayo. Alisema kila jamii inahitaji tabaka la kufanya kazi duni ili wengine wastaarabike, na kwamba kusini wamelipata tabaka hilo katika watu weusi. Mzungu maskini akiyasikia hayo alielewa kwamba hata akose viatu, kuna sakafu chini yake, na sakafu hiyo ni mgongo wa mtu mwingine. Hongo hiyo haikumgharimu tajiri hata senti moja. Januari 1861, Mississippi ilipotoa sababu zake za kujitenga, haikuzungukazunguka: ilisema msimamo wake umefungamana na utumwa, ambao iliuita mali kubwa kuliko zote duniani. Nani atasema leo kwamba vita vile vilikuwa juu ya kitu kingine, wakati wahusika wenyewe waliandika?

Lakini kusini peke yake haikuweza kuwa na pamba ile. Madalali wa New York walichukua sehemu yao, makampuni ya bima yaliandika bima ya maisha ya watumwa yenye kumlipa bwana, viwanda vya Massachusetts na Rhode Island vilisokota nyuzi. Viwanda hivyo vilitengeneza hata kitambaa kigumu cha bei ya chini na kukiuza tena kusini ili watumwa wavae. Mwanamke aliyechuma pamba ile Alabama alirudishiwa kama gauni la kukwaruza ngozi, mara mbili kwa mwaka.

Kisha kitambaa kingine kilipanda meli kikaja kwetu.

Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini na Sayyid Said mkataba wa biashara kati ya Marekani na himaya ya Oman na Unguja. Mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliwasili Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, Massachusetts, mshika dini aliyechukizwa na utumwa. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, zilizokuja kuwa vitana na vitufe vya piano huko Connecticut, na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, kigumu, kinachodumu. Watu wakakiita merikani. Kilipendwa kuliko cha Waingereza, waliojaribu kukiiga, na mnunuzi wa huku alikijua kwa kukishika. Kikawa fedha ya njia nzima ya msafara: Bagamoyo hadi Tabora, Tabora hadi Ujiji, hongo ya mtemi ilihesabiwa kwa doti, posho ya mpagazi kwa mikono, yaani dhiraa, na mzigo wa mpagazi mwenyewe mara nyingi ulikuwa majora ya merikani. Kilinunua pembe. Kilinunua watu pia.

Na Unguja, waliokivaa hasa ni nani? Watumwa. Merikani nyeupe, au ile iliyotiwa rangi ikawa kaniki, ilikuwa vazi la mtumwa, kiasi kwamba baada ya utumwa kupigwa marufuku visiwani mwaka 1897 wanawake walioachwa huru waliitupa na kujifunga kanga, ili mtu asiwatazame na kuwadhania vitumwa. Liweke hilo karibu na jicho: mtu aliyetekwa Unyasa, anapanda ngazi ya mkarafuu Pemba, kiunoni ana shuka iliyotokana na pamba iliyochumwa na mtu ambaye mababu zake walitekwa Kongo au Senegambia, ikapimwa jioni kwa hofu huko Mississippi. Wawili hawa hawakuwahi kujua kwamba mwenzake yuko duniani. Kilichowaunganisha ni kitambaa, na kati yao walisimama watu wa heshima: mwenye kiwanda, nahodha, konsuli mwema wa Salem, mkuu wa forodha wa Unguja, kila mmoja ameandika hesabu yake kwa mwandiko mzuri. Vita vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 na pamba ikakatika, merikani iliadimika Unguja na bei yake ikapanda. Mapigano ya Mississippi yalifika sokoni kwetu.

Vita viliisha mwaka 1865, na utumwa ukafutwa. Waliofidiwa ni nani? Washington, mwaka 1862, serikali ililipa hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachwa huru, na fedha hizo alipewa bwana. Jenerali Sherman wa jeshi la kaskazini alitoa amri Januari 1865 kwamba ardhi ya pwani ya South Carolina na Georgia igawiwe familia zilizokuwa utumwani, ekari zisizozidi 40 kila moja. Maelfu walikaa, wakalima. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameirudisha sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa wenyewe wa zamani. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ushindi ulipopotezwa. Mtu huru asiye na ardhi, katika nchi ambayo zao ni moja na mwenye duka ndiye mwenye shamba, alirudi kulima pamba kwa kugawana mazao. Mbegu kwa mkopo, unga kwa mkopo, na mwisho wa msimu tajiri anafungua daftari na kukuonyesha kwamba bado unadaiwa. Mizani ilibaki mikononi mwa yule yule.

Tena marekebisho ya katiba yaliyofuta utumwa yaliacha mlango mmoja: isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Isaac Franklin, yule wa kampuni ya kuuza watu, alikuwa na shamba Louisiana lililoitwa Angola. Leo Angola ni gereza la jimbo, kubwa kuliko mengi Marekani, wafungwa wake wengi ni weusi, na wamelimishwa mashamba yale yale, pamba ikiwamo, mbele ya walinzi waliopanda farasi.

Walipoachwa huru, watu walianza kutafutana. Magazeti ya makanisa ya weusi yalijaa matangazo kwa miaka mingi: namtafuta mama yangu aliyeuzwa kwa fulani, tulitenganishwa nikiwa mdogo, tulikuwa watoto watano. Wajukuu wao wanaendelea kutafuta, sasa kwa kompyuta, na wengi hukwama mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Zile za 1850 na 1860 ziliwaweka watumwa kwenye karatasi za pekee: jina la bwana juu, chini yake mstari mmoja kwa kila mtu, umri, jinsia, rangi. Jina hakuna. Wanaobahatika kuvuka mwaka ule mara nyingine huvushwa na madaftari ya mashamba yaliyobaki kwenye maktaba. Humo bibi yao anaonekana kwa jina lake, kwa wino, siku ya Jumatatu, na mbele ya jina ratili.